Fundi Asiyemfungua Mtu

Kama uliwahi kufika Ziwa Jipe miaka ile ya tisini, ukasikia mtu akizitukana mbao kwa Kiswahili kitamu hadi mbao zenyewe zikaona haya, basi huyo ulimsikia Fundi. Hakuhitaji kipaza sauti. Akipiga chafya upande wetu, wavuvi wa Tanzania ng'ambo ya ziwa walikuwa wanamwitikia. Nimemjua miaka mingi. Nimekula naye sahani moja, nimebeba mbao zake mpaka bega langu la kulia likashuka chini ya la kushoto, na hata leo nikimfikiria sijui nianze kucheka au nianze kutema mate.

Ukoo wake sitaugusa. Yeye mwenyewe hakuupenda uguswe. Alikuwa mtu wa zile familia za pwani zilizokaa Voi tangu zamani, na alikuwa amejenga mashua baharini kabla ya kuletwa kwetu. Hiyo inatosha.

Kuletwa, nasema, kwa sababu kulikuwa na chuo. Wafadhili walijenga banda la mabati ufuoni, wakasimamisha bango, wakatafuta mtu wa kutufundisha kujenga mashua za mbao kama zinavyojengwa pwani. Mitumbwi ya gogo ilikuwa inapinduliwa na viboko kila uchao, na magogo mazito ya kuchimba mitumbwi mipya yalikuwa yamekwisha msituni. Tukaingia wanafunzi wa kila namna. Wataita kutoka Wusi kama mimi, ambao maji mengi tuliyowahi kuyaona yalikuwa ya kwenye sufuria ya harusi. Wakamba. Wataveta waliozaliwa ziwa likiwa mlangoni. Mchana tulichonga mbao, na jioni mimi na wachache wengine tulisoma ngumbaru chini ya banda lilelile, kwa mwalimu aliyekuja na baiskeli. Nilijifunza kuandika jina langu nikiwa na ndevu za kutosha kujaza mto. Fundi akanibatiza Mwanazuoni, na jina hilo alilitumia kila nilipokosea.

"Mwanazuoni! Msumari umeupinda. Huko kwenye vitabu vyako misumari inakwenda mraba?"

Na nilikosea mara nyingi. Mashua yangu ya kwanza ilivuja hivi kwamba samaki waliingia na kutoka kama wako sokoni.

Kwanza nieleze macho yake, maana kazi yake yote ilikuwa machoni. Hakuchora kitu. Hakuwa na ramani wala kipimo zaidi ya shibiri yake na uzi mmoja mweusi wa kutokea enzi za Nuhu. Alikuwa anafumba jicho la kushoto, anaitazama mbao, kisha anasema, "Ina tumbo." Sisi tunatazama mbao, imenyooka kama reli. Tunaipandisha, na kweli, ina tumbo.

Alipenda miti iliyopinda. Mataruma, zile mbavu zinazoshika mashua kwa ndani, hukatwa kwenye tawi lenye pindo lake la kuzaliwa, maana ukilipinda kwa nguvu litakuja kujinyoosha siku moja ukiwa katikati ya maji. Basi tulikuwa tunaingia naye porini kutafuta migunga iliyopotoka, huku mmoja wetu akichungulia ndovu. Sisi watu wa milimani tulilelewa kutafuta mti ulionyooka, wa kenchi na wa nguzo. Fundi akipita mti wa namna hiyo alikuwa anauonea huruma.

"Huu mpelekeeni padri, afanye benchi," alikuwa anasema. Akiona mgunga uliojikunja kama mzee mwenye kuumwa na kiuno, basi furaha yake! Alikuwa anaupapasa, anauzunguka, anaufumbia jicho. "Tazama, tazama bibi arusi huyu! Mungu amekwisha fanya nusu ya kazi, na nyie mngemfanya kuni."

Siku moja ndovu alitokea kweli. Sisi tulikimbia, na nasema tulikimbia, mimi mwenyewe nilifika Taveta mjini kabla ya kivuli changu. Fundi hakukimbia. Tuliporudi kwa woga tulimkuta amekaa juu ya tawi alilokuwa amelitaka, amening'iniza miguu, anatafuna tende. "Amepita," akasema. "Naye alikuwa anatafuta uliopinda."

Utaona basi kwa nini tulimpenda. Nitasema na mengine kabla sijafika penye uchungu, ili usidhani namchukia tu.

Alikuwa na debe la mafuta ya papa, lililokuwa linaletwa kutoka Mombasa, la kupaka mbao zisioze. Harufu ya debe lile haielezeki. Siku lilipopitishwa Mwatate, mbwa wote wa soko walilifuata hadi nje ya mji wakilia kama wamefiwa. Wafadhili walimletea rangi nzuri ya makopo, akaitumia kupaka choo. "Harufu haijamzamisha mtu," akasema. "Rangi imewazamisha wengi." Na kweli, ziwa lile lina maji matamu, na maji matamu huozesha mbao upesi kuliko ya chumvi, lakini mashua zilizopakwa mafuta ya Fundi zilikuwa nzima wakati za wengine zilikuwa zimekuwa uji.

Alikuwa karimu. Akipika samaki, kichwa, ambacho kwao ndicho kitamu kuliko vyote, alimpa aliyekosea kazi siku hiyo. Hakueleza kwa nini. Mwenzetu mmoja, Mwadime wa Wusi, alipopigwa na malaria mpaka akaanza kuzungumza na marehemu nyanya yake, Fundi alimlaza kwenye kitanda chake mwenyewe na yeye akalala juu ya vumbi la mbao. Mwadime alipopona, kitu cha kwanza alichoambiwa ni hiki: "Ewe mvivu, amka. Nyanya yako anasema hakutaki huko, unamaliza chakula."

Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho hakumpa mtu. Hapo ndipo penye uchungu.

Kwao pwani, alituambia, mwanafunzi akikabidhiwa kwa fundi huwa amefungwa. Haidhuru awe na mvi. Kazi yoyote anayoifanya ni ya fundi wake, na jina ni la fundi wake. Ikifika siku, fundi huijaribu mashua aliyoijenga mwanafunzi peke yake, na ikisimama, husema mbele ya watu watakaoipanda: "Nimekufungua." Basi. Neno moja. Tangu hapo mwanafunzi ni fundi na anaweza kupokea kazi kwa jina lake. Bila neno hilo wewe ni mbeba mbao tu, na hakuna baba mwenye akili atakayempandisha mwanawe kwenye mashua yako.

Wavuvi wa Jipe walilipokea jambo hilo kama Injili. Wafadhili walitupa vyeti vyenye picha ya mashua na muhuri mwekundu. Mimi changu ninacho, kizuri sana, hata ukikitundika ukutani nyumba inapendeza. Nilimwonyesha mvuvi mmoja. Akakisoma, akakikunja taratibu, akanirudishia, akauliza, "Na Fundi amesemaje?"

Fundi alikuwa hajasema. Tulimaliza darasa la kwanza, la pili, la tatu. Hakumfungua hata mtu mmoja.

Mashua hujaribiwaje? Ukiitia majini, uvujaji unauona wakati umekwisha lowa. Fundi alikuwa anafanya kinyume. Aliiinua juu ya magogo nchi kavu, akaijaza maji ndani, ndoo kwa ndoo, hadi karibu na mdomo. Kisha akachukua majivu makavu ya mgunga, yaliyochekechwa, akayapaka kwa nje kwenye kila mshono wa mbao. Majivu yakikaa meupe, mashua ni kavu. Mahali panapovuja hata chozi la sisimizi, majivu hugeuka meusi, kila mtu anaona, hakuna ubishi. Yangu ilipojaribiwa majivu hayakugeuka meusi, yaliondoka kabisa na mto.

"Mwanazuoni," Fundi akasema, "hii si mashua, hii ni bomba la mvua."

Nilicheka na mimi. Yangu ilikuwa haki yake kuikataa. Sina kinyongo.

Sasa nimtaje Wakesho.

Wakesho alikuwa mjane, Mtaita aliyeolewa Njukini, akabaki huko na shamba la mahindi na watoto wawili baada ya mumewe kufa. Alisikia chuo kinachukua wanafunzi, akaja na shoka lake. Kamati ya chuo ikamkataa palepale. Si kwa sababu alikuwa dhaifu, maana mkono wake ungeweza kumwangusha fahali na kumwomba radhi. Walisema watu wa pwani hawataki mwanamke avuke mkuku, lile gogo la chini ambalo mashua yote hulalia, na kwamba akiuvuka mashua haitapata bahati. Walidhani wanampendeza Fundi.

Fundi aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akaulaza mkuku mpya chini, mbele yao, akamwambia Wakesho, "Binti, vuka."

Wakesho akavuka.

"Rudi."

Akarudi.

"Sasa," akawaambia wanakamati, "mkuku umevunjika? Umepasuka? Kama bahati yenu ni nyepesi hivyo, upepo ungeipeperusha zamani. Aingie."

Aliingia. Huo ndio ubaya wake Fundi, ukitaka kumchukia unaukuta mlango kama huo uko wazi, na wewe umesimama hapo na matusi yako mkononi hujui uyaweke wapi.

Wakesho alijifunza kama mtu anayekumbuka, si kama mtu anayefundishwa. Kazi ya kalafati, ya kusokomeza pamba yenye mafuta katikati ya mbao na mbao kwa patasi butu na nyundo, sisi ilitushinda kwa sababu tulipiga kwa nguvu. Yeye alipiga kwa kusikiliza. Pamba ikishiba, sauti ya nyundo hubadilika. Fundi alikuwa anakaa mbali na kahawa yake, amefumba macho yote mawili, akimsikiliza tu. Nilimwona akitikisa kichwa kwa mdundo kama mtu aliye kwenye ngoma.

Lakini hakumwambia neno jema. Sisi wenye mikono miwili ya kushoto alitutania. Yeye alimsahihisha. Alifungua mishono aliyokwisha ifunga, akamwambia arudie. Akirudia sawasawa, anamwambia arudie tena. Wavuvi walianza kuja bandani na kuulizia. Mwanzo waliuliza, "Fundi yuko?" Baadaye wakawa wanauliza, "Yule mama yuko?" Fundi alikuwa pale pale, anasikia. Akazidisha kuranda, maskini ya Mungu, akaranda mbao moja mpaka ikawa karatasi.

Siku moja Wakesho alimuuliza mbele yetu, wala hakuzungukazunguka. "Fundi, mimi nimebakisha nini?"

"Subira."

"Subira ninayo. Nina watoto pia. Niambie kitu cha mkono."

"Siku ikifika nitakwambia."

"Niliacha mahindi yangu kwa shemeji anayeyala mabichi. Siku itafika lini?"

Fundi akanywa kahawa. "Mashua haiulizi siku," akasema.

"Mashua haina watoto," Wakesho akasema, akarudi kwenye nyundo yake.

Basi mwenyekiti wa wavuvi akaja mwenyewe. Mtu mnene, mpole, aliyekuwa anatembea na redio kwapani hata ikiwa haina betri. Akasema wazi, mbele ya Fundi na mbele yetu sote, kwamba wavuvi wamekubaliana. Mitumbwi yao mibovu wataiacha. Wakesho akijenga mashua moja peke yake na Fundi akamfungua, watampa yeye kazi ya mashua zao zote. Zote, nasema. Ilikuwa kazi ya miaka, na kwa jina lake.

"Akifunguliwa," mwenyekiti akarudia. "Bila neno la Fundi hatuna mazungumzo. Watoto wetu hawajui kuogelea."

Fundi akasema, "Ajenge."

Alijenga. Sisi tulikatazwa kugusa hata vumbi. Alichagua mbao mwenyewe, migunga yake mwenyewe aliitafuta porini, akaifumbia jicho kama mwalimu wake. Watoto wake waliletwa siku moja kumwona, wakacheza ndani ya mbavu za mashua kama kuku kwenye tenga, na yeye hakuwafukuza. Mashua ile, na hapa siongezi chumvi, sikiliza kwa makini kwa maana ni nadra nisiongeze, ilikuwa nzuri kuliko zote zilizotoka katika banda lile. Kuliko hata za Fundi. Ndiyo, nimesema. Ilikuwa imekaa juu ya magogo kama inataka kuondoka yenyewe.

Siku ya kuijaribu watu walijaa. Wavuvi, wake zao, wauza ndizi, mpaka mwalimu wetu wa ngumbaru na baiskeli yake. Asubuhi tulijaza maji, mimi nikiwa mmoja wa wabeba ndoo. Fundi mwenyewe alichekecha majivu, akapaka mishono yote, akaenda kukaa kivulini. Tukangoja. Jua likapanda, likawa kali. Tulizunguka mashua ile kama watu wanaozunguka maiti, ila kwa furaha. Majivu meupe. Mbele meupe. Tumboni meupe. Nyuma meupe pe. Wanawake wakaanza kutayarisha koo kwa vigelegele. Mwenyekiti akatoa redio kwapani akamkabidhi mtu, ili awe na mikono miwili ya kupiga makofi.

Adhuhuri ikaingia. Fundi akaondoka, akaenda kutawadha kwenye pipa lake nyuma ya banda. Tulidhani atasali kwanza. Hakusali kwanza. Alikuja moja kwa moja, mikono ya kanzu imekunjwa, maji yanamdondoka viwikoni. Akaanza kuizunguka mashua. Aliinama, akatazama, akainuka. Upande wa kulia. Upande wa kushoto. Akafika nyuma, kwenye mbao ya mwisho chini kabisa, akatia vidole vyake kwenye mshono, akavitoa.

Mahali pale pakawa peusi.

"Imelia," akasema.

Vigelegele vikarudi vilikotoka. Hakuna aliyekuwapo ambaye hakuona mkono wake. Ulikuwa unang'aa kwa maji.

Wakesho akasogea. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayemwonyesha mtu kifungo kilichofunguka. "Fundi, mkono wako umelowa."

"Haya ni maji ya udhu," Fundi akasema. "Maji ya udhu hayasingiziwi."

"Sikuyasingizia maji."

"Imelia, binti. Nimesema."

Wakesho akawatazama wavuvi. Wavuvi wakatazama chini. Mwenyekiti akaichukua redio yake. Mwadime alikuwa karibu na mimi, nikasikia meno yake yakisagana. Na sisi sote, wanafunzi wake, watu wazima wenye ndevu na vyeti, hatukutoa sauti. Alikuwa Fundi. Kama neno lake halikuwa na thamani siku ile, basi halikuwa na thamani siku yoyote, na sote tulikuwa tunalingojea.

Wakesho akainama chini ya mashua, akang'oa kizibo. Maji yote ya asubuhi yakatoka kwa kishindo, yakamlowesha Fundi miguu mpaka magotini. Fundi hakusogea. Wakesho akachukua shoka lake alilokuja nalo, akaacha nyundo ya chuo na patasi ya chuo zimepangwa vizuri juu ya benchi, akaenda Njukini.

Watu wamenieleza sababu nyingi za Fundi kusema vile. Wengine wanasema aliona kweli kitu ambacho sisi hatukukiona, maana macho yake yalikuwa yale. Wengine wanasema alisahau kwamba amelowa, mzee, jua kali, na alipokwisha kusema hakuweza kulirudisha neno mbele za watu. Mwadime anasema ulikuwa wivu mtupu, na ukimpa chai atakueleza kutwa. Mimi nadhani alikuwa mtu mwenye mali moja tu duniani, lile neno, na alijua siku atakapolitoa hatakuwa tena na kitu ambacho watu watakuja kukiomba mlangoni kwake. Lakini hayo ni mawazo ya mwanafunzi wa jioni. Ninachojua ni kwamba majivu yalikuwa meupe.

Mashua ile haikuingia majini. Wavuvi hawakuinunua, kwa sababu ililia, na hawakuichoma, kwa sababu walijua haikulia. Ilikaa juu ya magogo, kuku wakataga ndani.

Na ziwa lenyewe lilikuwa linatuhama. Matete yalikuwa yanatoka mbele, kila mwaka hatua kadhaa, mpaka bango letu la chuo cha ufuoni likawa linatazama shamba la matete na viboko wakikoroma ndani yake kama walevi. Wavuvi walikuwa wanakata njia kwa panga ili wafike majini. Wafadhili walikuja na kamera, wakapiga picha matete, wakaondoka, na hatukuwaona tena. Mabati ya banda yakaondoka nayo, sijui kwa miguu ya nani. Fundi alikuwa wa mwisho kutoka. Alirudi Voi na debe lake la mafuta, na nadhani mbwa wa Mwatate walimsindikiza tena.

Baadaye sana, baada ya zile mvua za elinino zilizokata barabara zote, nilikuwa Voi kwa shughuli zangu, nikamkuta. Alikuwa amekaa nje ya duka la mpwa wake, chini ya kibao cha soda, anachonga mbuzi za kukunia nazi. Ndiyo, mbuzi za nazi. Mikono iliyowahi kulaza mkuku sasa ilikuwa inatengeneza viti vya wanawake vya kukunia nazi. Lakini zilivyokuwa nzuri! Zilijikunja kama shingo ya bata. Ungekalia moja, nazi ingejikuna yenyewe kwa heshima.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani wewe?" Jicho moja lilikuwa na ukungu mweupe. Akalifumba, akanitazama na lile lingine. "Ah! Mwanazuoni. Bado unapinda misumari?"

"Siku hizi nauza. Nina kibanda cha vifaa vya ujenzi."

"Alhamdulillahi. Wapinde wengine."

Tulicheka. Akaniagizia kahawa. Tuliongea juu ya Mwadime, juu ya ndovu, juu ya bei ya nazi. Kahawa ikawa inaisha ndipo akauliza, akiwa anatazama patasi yake, "Yule binti bado anajenga?"

"Atajenga wapi, Fundi? Anauza maharagwe. Sokoni Taveta."

Akapuliza vumbi la mbao. "Ukimwona mwambie nimemfungua."

Nakwambia nilihisi kahawa ile imegeuka nyongo. Mimi ni mtu wa utani, sipendi ugomvi, lakini nilimwuliza. "Fundi. Mashua ile ililia?"

"Ulikuwa mkono wangu," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua niliposikia baridi ya maji vidoleni. Nikasema kabla sijajizuia. Kisha nikawa nimesema."

"Basi mwambie mwenyewe. Ulimfunga mbele za watu. Utamfungua kwa kunituma mimi?"

Nilidhani atanitukana. Ningefurahi angenitukana. Akainua ile mbuzi ya nazi, akaifumbia jicho, akaiweka chini. "Siku ya soko ni lini?" akauliza.

Sikuamini kwamba atakwenda, lakini alikwenda, nami nilikwenda naye kwa sababu peke yake asingeona njia. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya kiua. Soko la Taveta siku ile lilikuwa limejaa hadi ndizi zilikuwa zinaomba nafasi. Wakesho alikuwa amekaa nyuma ya magunia matatu ya maharagwe na gorogoro yake, lile kopo la kupimia, amenenepa kidogo, mvi kidogo, binti yake mkubwa pembeni akifunga mifuko. Alituona kutoka mbali. Hakuinuka.

Fundi alisimama mbele ya magunia. Kisha akageukia watu, akaitoa sauti yake, ile ile ya ng'ambo ya ziwa, nusu ya soko ikashtuka.

"Enyi watu! Mashua ya mama huyu haikulia! Ulikuwa mkono wangu uliolowa! Nimemfungua! Shuhudieni, nimemfungua!"

Watu wakageuka. Mwenye nyanya akamwuliza jirani yake, "Anauza nini?"

"Dawa, nadhani."

"Si mhubiri?"

"Na kanzu hiyo?"

"Mashua gani? Hapa?" kijana mmoja wa mkokoteni akauliza, akacheka, akaendelea na mkokoteni wake. Niliangaza macho kutafuta mvuvi hata mmoja, mwenyekiti na redio yake, mtu yeyote wa siku ile. Hapakuwa na mtu. Walikuwa wametawanyika, wengine mashamba ya mkonge, wengine Mombasa. Wote waliokuwa sokoni walikuwa watu wa maharagwe.

Fundi akarudia, safari hii sauti ikamkatika katikati. Akamgeukia Wakesho. Jasho lilikuwa limeivunja pasi yote ya kanzu. "Binti," akasema kwa sauti ndogo, "nimesema mbele za watu."

"Nimesikia, Fundi," Wakesho akajibu.

Akamgusa binti yake begani. "Mpe mzee kiti, jua kali."

Msichana akaleta kigoda, Fundi akakaa. Mama mmoja aliyekuwa amesimama muda wote na kikapu chake, akingoja tumalize, akasogea mbele. Wakesho akaizamisha gorogoro ndani ya gunia, akaisawazisha juu kwa kiganja.

"Samahani, mama," akamwambia. "Ulisema mbili?"